Matron na Majina ya Watu

Jina lake silitaji. Nikilitaja atanipigia simu kabla hujamaliza kusoma aya hii, na ukiwa karibu nami utamsikia bila mimi kuweka spika. Namwita Matron kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita pale Voi, ingawa umatron wenyewe aliuacha hospitalini siku aliyostaafu, akaja kuongoza mradi wetu mdogo wa wagonjwa wa kifafa. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili hata yeye mwenyewe akiyasoma abaki na shaka. Shaka haijawahi kumkaa sana, lakini nimejaribu.

Mimi nilikuwa afisa wa data. Cheo hicho nilikipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda kitu kilichoandikwa kwenye kadi. Kadi zenyewe nilizichapisha mwenyewe, nikazigawa mpaka kwa mama aliyetuuzia mandazi, ambaye alizitumia kuchochea jiko. Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kila nilipoeleza jambo zito kuhusu takwimu kulikuwa na mtu nje anakata mabati.

Matron alikuwa mtu wa milimani, upande wa Wundanyi, na kwa miaka yote aliyofanya kazi Voi hakukubali hata siku moja kwamba Voi kuna joto. Alikuja na sweta ya sufu, kijivu, vifungo vyote vimefungwa, sisi tukijipepea kwa mafaili.

"Hili si joto," alisema. "Ni nyinyi mmezoea kulalamika."

Jasho likimtiririka alilifuta kwa leso na kusema ni mafua yanamwanza. Akipiga simu nyumbani alipaza sauti kana kwamba hakuna mtandao na ni lazima sauti yenyewe ipande mlima kwa miguu. Kwa njia hiyo sote tulijua hali ya kabichi zake, nani kanunua ng'ombe asiyetoa maziwa, mkwe wa nani anapika ugali mbichi, na mzee gani wa kanisa amejenga choo kikubwa kuliko nyumba. Umbea aliupenda. Aliutia chumvi, akausimulia kwa Kiswahili, na palipokolea akahamia Kidawida, lugha ya kwao milimani, akiniacha mimi na Kidawida changu kinachochechemea nikicheka mahali pasipo na kichekesho.

Lakini ukimwuliza juu ya mgonjwa, ungedhani umezungumza na ukuta wa benki.

Siku moja alikuja mchungaji mmoja, mtu mwenye heshima zake, akitaka kujua kama kijana fulani aliyeomba kazi ya kuendesha gari la kanisa alikuwa kwenye vitabu vyetu. Matron alimkaribisha kwa furaha. Akampa chai. Akampa mandazi. Akampa habari za nusu ya kaunti, na mchungaji akacheka mpaka akalegeza kola. Alipokwisha kuagana na kufika barabarani, nilimwona kupitia dirishani akisimama, akijikuna kichwa, akitazama nyuma. Nadhani ndipo alipokumbuka alichokuja kuuliza. Hakurudi.

Wauguzi aliwafundisha hivyo hivyo. Ukisema "yule wa kifafa" ukiwa kwenye veranda, alikusogelea na kukuambia taratibu, "Punguza sauti, kuna watu wana masikio mazuri." Ile taratibu yake iliogopesha kuliko kelele. Jumapili alizunguka makanisani, Bura, Wundanyi, mpaka huko Taveta, akiwaambia watu kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi, hakitokani na kurogwa, na mwenye nacho anasoma, anafanya kazi, anaoa, anaolewa. Hapo kwenye kuolewa alikuwa akigonga mimbari. Nilimsikia mara nyingi, na kila mara nilijiona mtu bora kwa sababu tu nilikuwa nimebeba projekta yake.

Kompyuta hakuzichukia, ila alizitendea kama wageni wasiojulikana kwao. Aliandika kwa kidole kimoja, akisita kabla ya kila herufi, halafu akaigonga kana kwamba ina kosa. Mafaili ya wagonjwa tuliyaweka kwenye spredishiti, yale majedwali ya kompyuta: kila mgonjwa mstari wake, na safu za jina, simu, namba ya kitambulisho, umri, wadi anakoishi, dawa. Mwishoni kulikuwa na safu pana kuliko zote, iitwayo Maelezo, ambamo wauguzi waliandika chochote kilichowajia. Nami niliiona ile safu kama takataka. Nilimwambia Matron kwamba data safi haina maelezo. Akaniuliza kama nimewahi kuugua.

Basi chuo kimoja kilichokuwa kikishirikiana nasi kikaomba mafaili hayo kwa ajili ya utafiti, kwa sharti kwamba kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu kiondolewe. Matron akaniita.

"Unaweza kuyatoa majina?"

"Matron," nikasema, nikiegemea kiti, "hiyo ni kazi ya chai moja."

Nilifuta safu ya majina, ya simu na ya vitambulisho. Chai ilikuwa bado moto. Ndipo akaniambia nimsomee Maelezo ya mstari wowote. Nikasoma: "Mama Wakesho, amekuja na mumewe, simu ya jirani ni hii hapa, nyumba ya pili baada ya kinu."  Chai ikapoa.

Mistari ilikuwa mingi mno kuipitia kwa macho, nami sikuwa mtu wa kupitia kitu kwa macho pale ambapo ningeweza kuonyesha ufundi. Nikaandika programu ndogo ya kutumia API. Matron alitaka kujua hiyo ni nini, nikamweleza kwa mapambo mengi mpaka akainua mkono, nikaanza upya. Nikamwambia kuna kompyuta ya watu fulani mbali, inayojua kutambua majina, simu na namba katika maandishi. Programu yangu inaipelekea sentensi moja moja kutoka kwenye jedwali. Ile ya mbali inafuta panapostahili, inaandika JINA au SIMU mahali pake, inarudisha. Sisi tunakaa tu.

"Kwa hiyo una mtu wa ng'ambo," akasema.

"Si mtu, Matron. Ni mashine."

"Huyo wako wa ng'ambo, amewahi kufika Bura?"

Nilicheka. Nikabonyeza kitufe mbele yake, kwa madaha, kama mtu anayezindua bwawa la maji.

Majibu yakaanza kurudi. Mgonjwa mmoja, ambaye muuguzi alikuwa ameandika kwamba alishauriwa awe na subira, sasa alikuwa ameshauriwa awe na JINA. Mwingine alikuja kliniki akiwa na JINA tele, kwa kuwa mashine ilidhani furaha ni mwanamke. Mzee mmoja alikuwa amepata nafuu "kwa JINA ya Mungu". Bura ilifutwa kila ilipotokea, nadhani ikidhaniwa ni mzungu. Presha ya damu ya watu kadhaa iligeuzwa tarehe. Na katikati ya uharibifu huo wote Mghoi alikuwa amesimama wima, hajaguswa, na Mwakio pembeni yake, wote wawili na vijiji vyao. Namba za simu nazo zilipita salama, kwa sababu jedwali lilikuwa limekula sifuri ya mwanzo ya kila namba, na mashine ikaziona ni hesabu tu.

Matron alisoma kwa muda mrefu akifuata mstari kwa kidole.

"Amewaacha watu," akasema, "amefuta neema na subira."

Nikasema ni marekebisho madogo tu. Hapo akaniuliza swali ambalo mimi, mwenye shahada ya kompyuta na kadi, sikuwa nimejiuliza.

"Na haya majina, ili yafutwe, si ni lazima kwanza umpelekee?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Ndiyo, lakini hawayaweki, Matron. Wanayasahau papo hapo."

"Nani kasema?"

"Wameandika kwenye tovuti yao."

"Mimi nimeandika kwenye mlango wangu 'Bisha Hodi'. Wewe huwa unabisha?"

Kwa bahati nilikuwa nimetuma mistari ya majaribio tu, ambayo majina yake niliyabuni kwa kuwachanganya majirani. Sikuwa nimefanya hivyo kwa busara. Faili lenyewe lilikataa kufunguka siku ile. Lakini nilijibu haraka kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo, na Matron akanitazama kama mtu anayesoma kipimajoto.

Nikaenda kutafuta. Nikapata programu ya aina ile ile inayoweza kukaa ndani ya laptop yetu wenyewe, API ikiwa humo humo, hakuna kinachotoka nje ya ofisi. Nikaifundisha majina ya Kidawida na Kitaveta, nikaikataza kugusa subira, nikairudishia Bura heshima yake, nikarudisha sifuri za simu. Ilikuwa na kasi ya ng'ombe mgonjwa. Laptop ilichemka na kuvuma kama kinu cha posho, na mafundi wa mabati walikuja kuchungulia. Ilipomaliza nikapitia matokeo, na kweli, hapakuwa na jina hata moja. Nikamchapishia Matron kurasa zote, kwa kuwa kwenye kioo alisema maneno yanateleza.

"Soma," nikamwambia. "Hapo hakuna mtu anayeweza kumtambua mtu."

Nilisema hivyo kwa sauti niliyodhani ni ya unyenyekevu.

Alizipeleka zile kurasa ofisini kwake, akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo akabadilika. Hakupiga simu kwa kelele. Habari za kabichi zikakauka. Alikwenda Taveta mwisho wa juma kwa shughuli ya kifamilia, akarudi amenyamaza zaidi, na mama wa mandazi akaniuliza kama ofisini kuna msiba. Mimi nilidhani amevutiwa na kazi yangu na anatafuta maneno ya kunisifu.

Mwisho wa mwezi wauguzi walikuja kwenye mkutano wao wa kawaida. Ulipokwisha, Matron akamwomba muuguzi wa Mboghoni, kule Taveta, abaki. Huyu alikuwa mama mmoja mtulivu wa Kitaveta, ambaye alizungumza kama anayepima dawa kwa kijiko. Nami nilibaki kwa sababu nilikuwa nakunja nyaya za projekta na hakuna aliyeniona kuwa mtu.

Matron akaweka ukurasa mmoja mezani, kidole juu ya mstari.

"Sitaki jina," akasema. "Nataka uniambie huyu ni nani."

Nikacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Ule mstari niliuona baadaye. Mashine yangu ilikuwa imefanya kazi yake yote: jina limefutwa, simu imefutwa, kitambulisho kimefutwa. Kilichobaki ni kwamba ni mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa chekechea, wadi ya Mboghoni; kwamba mara ya kwanza alianguka kwenye harusi ya dada yake; kwamba anatumia dawa vizuri; kwamba ana mpango wa kuolewa, na ameomba mchumba asiambiwe kwanza, atamwambia mwenyewe.

"Matron," yule muuguzi akasema, "ni wewe uliyetufundisha tusijibu swali hilo."

"Najua."

"Basi sijibu."

Nje walikuwa wameacha kukata mabati. Nilikuwa nimeshika waya mkononi, sijui niuweke wapi.

"Ni yule binti wa duka la mbolea," Matron akasema. "Si ndiye? Mwalimu. Dada yake aliolewa mwaka juzi. Anachumbiwa."

Muuguzi alimtazama kwa mshangao, halafu uso ukalegea. "Yule? Matron, yule si mgonjwa wetu. Hajawahi kuwa. Yule hata mafua hajaniletea. Walimu wa chekechea kule kwetu ni wengi, na nani hana dada aliyeolewa?"

 Matron akafungua vifungo vya sweta, kimoja baada ya kingine, akaivua, akaiweka magotini. Sikuwa nimewahi kumwona bila hiyo sweta. Mabega yake yalikuwa madogo.

Muuguzi alipoondoka, Matron akaniambia nifunge mlango. Nikaufunga nikiwa ndani, kwa kuwa hakufafanua, naye hakunitoa.

Binti wa duka la mbolea alikuwa mchumba wa mpwa wake, mtoto wa kaka yake. Ile safari ya Taveta ilikuwa ya kwenda kuzungumza na wazazi wa binti, na yeye, shangazi mkubwa, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wao. Alikuwa amekwenda akiwa na ule mstari kichwani.

"Sikusema kitu," akaniambia. "Siwezi kusema cha mgonjwa, hata wakinichinja. Lakini wakaniletea chai, nikawa natazama kikombe. Yule mtoto akaja kunisalimia, akapiga goti, nami nikamtazama mikono. Unanielewa? Nikamtazama mikono kama inatetemeka. Wakaniuliza tupange lini, nikasema hakuna haraka. Mama yake akabadilika uso. Tulivyofika nyumbani, kaka yangu akaniuliza, 'Mbona umetuharibia?' Mpwa wangu hanipokelei simu mpaka leo."

"Lakini si yeye," nikasema, nikidhani ninaleta faraja. "Ni kosa tu, Matron. Ulikosea mtu."

Akanitazama.

"Na angekuwa ndiye?"

Nikaanza kukunja waya upya.

"Nimezunguka makanisa yote haya," akasema. "Nikawaambia watu wamwoze mwenye kifafa mtoto wao. Na siku kilipogonga kwangu, nikahesabu watoto watakaozaliwa nacho. Mimi. Hata angekuwa nacho, kijana. Hilo ndilo linaloniuma. Hata angekuwa nacho."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza kwa sauti ya kawaida ya watu. Nilitamani apige kelele. Nilimwuliza kama anataka chai, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya bila kukosea, nikaenda, nikarudi na kahawa.

Niseme pia, kwa haki, kwamba si yeye peke yake aliyekuwa akisoma zile kurasa. Mimi niliyeapa kwamba hakuna mtu anayeweza kumtambua mtu, nilikuwa nimeshamtambua mke wa mwenye nyumba yangu. Mstari ulisema mama wa makamo, muuza nguo za mitumba, Voi mjini. Kwa wiki nzima nilimbebea ndoo za maji na kumwambia apumzike, mpaka akamwuliza mumewe mpangaji ana nia gani. Alikuwa mzima wa afya. Nilipomsimulia Matron hilo, alicheka kidogo, halafu akaacha ghafla.

"Unaona?" akasema. "Wa kweli tumemficha. Tumewauzia watu wengine ugonjwa."

Siku iliyofuata alikuja na sweta yake, vifungo vyote vimefungwa, akaamuru. Safu ya Maelezo isiende kabisa, hata ikifutwa namna gani. Umri tuuweke kwa makundi ya miaka kumi kumi. Kazi za watu zitoke. Wadi zitoke, pabaki milimani na nyanda za chini, basi. Nikamwambia chuo kitalalamika. Akasema nao wana vinywa, waache walalamike.

Walilalamika. Ulikuwa mkutano wa video, mimi nimekaa pembeni yake nikishika laptop isianguke. Mtafiti wao alikuwa mpole, mwenye miwani mizuri, na alieleza kwa heshima kwamba faili tulilotuma limepungua thamani sana.

"Limepungua, kweli," Matron akasema, kwa ile sauti ya kupanda mlima. "Limepungua watu."

"Lakini sasa, mama, kimebaki nini cha kusoma?"

"Kimebaki ugonjwa. Si ndio mlioutaka?"

Yule bwana akavua miwani akaifuta. Mimi nilijaribu kuongeza jambo la kitaalamu, Matron akanikanyaga mguu. Mwishowe wakakubaliana kwamba chuo kitumie faili hilo lililopunguzwa, na anayetaka kujua zaidi aje mwenyewe, akae na wagonjwa watakaoridhia kwa hiari yao, wamwambie wenyewe wanachotaka kusema. Walikuja kweli. Wagonjwa wengi kuliko tulivyodhani walikubali kuzungumza. Mmoja alizungumza mpaka mtafiti akaomba kwenda kujisaidia.

Ilibaki ile familia ya Mboghoni. Matron alipaswa kwenda kuomba radhi, na hakuweza kueleza kosa. Akisema alidhani binti ni mgonjwa, ameshaliacha neno kwenye sebule yao. Litakaa pale hata likikanushwa. Alihangaika nalo sana. Mwishowe akaenda na kuwaambia kwamba siku ile alikuwa na jino linamuua, hakuweza kula wala kuwaza.

Walimwamini kwa furaha. Mama wa binti alisema tangu mwanzo aliona shavu limevimba. Tangu hapo akawa anamtumia Matron dawa za meno, mizizi ya kutafuna, unga wa karafuu, na kila wakikutana anamwambia afungue mdomo amwangalie. Matron anafungua. Nimeiona kwa macho yangu, kwenye harusi yenyewe, chini ya hema, bi harusi akipita na keki: mwanamke aliyeongoza wodi nzima kwa kidole amekaa kwenye kiti cha plastiki, kinywa wazi, mama mkwe wa mpwa wake akimulika kwa tochi ya simu. Baadaye alicheza. Alicheza na sweta, katika joto la Taveta, na yule bi harusi akamfuta jasho kwa kitambaa chake mwenyewe. Matron aliushika ule mkono, akautazama, akaubusu. Mimi nilikuwa nimeketi karibu nikila pilau ya watu wawili.

Yule wa mstari hatukumjua kamwe. Wala sitaki kujua, ingawa siwezi kuapa kwamba sijaulizauliza moyoni kila ninapomwona mwalimu wa chekechea.

Mradi ulikwisha kama miradi inavyokwisha, kwa keki na vyeti. Matron akarudi milimani kwenye kabichi zake. Mimi nikapata kazi ya kuweka mifumo ya kompyuta hospitalini, nikachapisha kadi mpya. Kwa miaka kadhaa tulizungumza kwa simu sikukuu tu. Yeye alikuwa akipaza sauti, nami nikiweka simu mbali na sikio, na mke wangu akijibu salamu zake kutoka jikoni.

Halafu juzijuzi, nikiwa katika hospitali moja ambayo mji wake siutaji, kikazi, akanipigia wakati wa mchana. Nilikuwa nimekaa kantini na sahani ya maharagwe.

"Kijana."

"Matron! Shikamoo."

"Marahaba. Nimekupigia nikushukuru."

Ilikuwa ile sauti yake ya kawaida ya watu. Nikaweka kijiko chini.

"Kwa lipi, Matron?"

"Kwa asubuhi. Ulipita mbele yangu pale kwenye benchi, ulibakisha kidogo unikanyage, na hukunisalimia. Hata shingo hukugeuza. Nilikuona unatokea kule mwisho wa korido nikasema basi, nimekwisha, huyu ataniita Matron mpaka wasikie walio mochari. Nikainamisha kichwa. Ukapita kama hunijui. Nimekaa pale nikamshukuru Mungu kwa ajili yako."

Nilijaribu kuikumbuka ile korido. Nilikumbuka benchi. Nilikumbuka mlango uliokuwa pembeni ya benchi, na maandishi ya kliniki juu yake, ambayo nilikuwa nimeyapita mara nyingi wiki ile bila kufikiri. Sasa nikayasoma vizuri kichwani. Hapa siandiki yalisema nini.

"Watoto sijawaambia," akasema. "Nitawaambia mwenyewe. Sitaki wasikie kwa mtu aliyesikia kwa mtu."

Asubuhi ile nilikuwa nikisoma kwenye simu mabishano ya mpira. Kuna mtu alikuwa ameitukana timu yangu kwa ufundi mkubwa, nami nilikuwa nikitafuta jibu huku nikitembea. Sikuona benchi. Sikuona watu waliokaa. Angekuwa tembo pale, ningempita. Ningefumbua kinywa na kusema ukweli, angejua papo hapo kwamba siri yake ilikuwa salama kabisa mpaka dakika aliponipigia yeye mwenyewe kunishukuru.

"Nilikuona, Matron," nikasema. "Ndiyo maana nikapita."

Akavuta pumzi.

"Nilidhani hukujifunza kitu kwangu."

"Nilijifunza, Matron."

"Na ile ya kutazama simu huku unacheka peke yako kama mwehu? Hiyo uliitoa wapi?"

"Ilinijia tu."

Akacheka, na kicheko chenyewe kikaanza kupanda mlima kidogo. Akaniambia madaktari wanasema wameuwahi ugonjwa mapema, dawa zinamchosha lakini anakula. Akaniuliza mke wangu hajambo. Akaniagiza nisiache kula mboga. Kisha akakata.

Watoto wake amekwisha kuwaambia, na mwezi uliopita kabichi zilirudi kwenye mazungumzo, kwa kelele. Mimi sijamwambia mtu yeyote ni nani aliyekuwa kwenye lile benchi, hata mke wangu, ambaye mimi humwambia mpaka ndoto za watu wengine. Na Matron, kila tukizungumza, lazima aguse ile asubuhi, anisifu kwa jinsi nilivyojizuia. Mimi husema asante. Mpaka leo anaamini nilimwona.